Buibui wa kwenye gambuti alivyonifikisha ndani ya mtungi wa oksijeni Nairobi

Wakuu, salaam.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi. Nasoma nyuzi zenu za kutapeliwa, za kuachwa, za kukutana na majini, nacheka, nazima simu. Leo ni zamu yangu. Haya ninayoandika yamenipata mwenyewe, kwenye mguu wangu wa kushoto, na asiyeamini aje Tarime nimkunjie suruali aone.

Ni ndefu. Wavivu wa kusoma tusilaumiane.

Mimi ni afisa mifugo. Kazi yangu ipo kata ya Issenye, Serengeti, familia ipo Nyamisangura, Tarime mjini. Wiki nzima nashinda na ng'ombe, Ijumaa narudi kwa binadamu. Kule kijijini wananiita "daktari", na nadhani tatizo langu lilianzia hapo. Ukiitwa daktari miaka kumi na moja mfululizo, hata kama wagonjwa wako wote wana mikia, kuna siku unaanza kuamini.

Sasa tukio.

Ilikuwa masika. Nilikuwa nimetoka likizo ya wiki mbili. Gambuti zangu nilikuwa nimeziacha stoo ya josho, pale tunapoogeshea ng'ombe dawa ya kupe, zimekaa sakafuni midomo ikiangalia juu. Watu wenye akili huzikung'uta kabla ya kuvaa. Mimi asubuhi ile ng'ombe walishajipanga, wenye ng'ombe wanagombana nani alitangulia, mvua inanyemelea. Nikatumbukiza miguu.

Soksi nilikuwa nazo. Ya kushoto ilikuwa na tundu. Mke wangu alishaniambia niitupe, nikamwambia soksi ya ndani ya gambuti haionwi na mtu.

Ni kweli, haikuonwa na mtu.

Nikahisi kitu kimenichoma juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani. Wala si maumivu ya kupigia kelele. Kama mwiba uliochoka kazi. Nikapiga mguu chini mara mbili, nikaendelea kuogesha ng'ombe mpaka saa saba mchana.

Nilipovua, akadondoka. Buibui. Amebondeka lakini bado anatambulika: mwembamba, rangi ya chai ya maziwa, miguu mirefu kuliko mwili. Wala hatishi. Nikamsukuma kwa kijiti, nikasema mbele ya watu, "Pole mdogo wangu, umekufa bure."

Wakuu, yule marehemu alikuwa ameshamaliza kazi iliyomleta.

Jioni mguu ukaanza kuwaka. Kesho yake asubuhi kulikuwa na duara jekundu, ndani yake duara jeupe, katikati kidoa cha zambarau na lengelenge juu yake. Kilikuwa kizuri, sitadanganya. Kama kina rangi za bendera ya nchi ambayo haijapata uhuru. Nikakipiga picha, nikakiweka status.

Siku ya nne kile kidoa cha zambarau kikawa cheusi. Ngozi ikakauka ikawa ngumu kama soli ya kiatu.

Sasa mtu wa kawaida hapo anaenda hospitali. Mimi nilikuwa daktari.

Kabati langu la dawa kule kituoni lina kila kitu, tatizo ni kwamba kila kitu kina picha ya ng'ombe. Nikachukua ile dawa ya bluu ya kupuliza, ile tunayopulizia vidonda vya mifugo, nikajipulizia mpaka kifundo chote kikawa bluu. Nikaona haitoshi. Nikajidunga sindano ya tetra, ile antibayotiki ya ng'ombe. Kipimo nilikokotoa kwa uzito, nikajiweka kwenye kundi la ndama waliokaribia kuachishwa kunyonya.

MSIJARIBU. Narudia, msijaribu. Nilichechemea siku tatu kwa ajili ya sindano kabla hata ya kuchechemea kwa ajili ya kidonda.

Ijumaa nikarudi nyumbani. Mke wangu, mama Ghati, ni mwalimu wa shule ya msingi. Si mwongeaji. Aliangalia ule mguu wa bluu muda mrefu kidogo.

"Baba Ghati, kesho nenda kaone daktari."

"Mimi ni daktari."

"Wa ng'ombe."

"Nyama ni nyama, mama Ghati."

Akaenda kuchemsha maji, akaweka chumvi, akanisafisha kile kidonda taratibu, akakifunga kwa kitambaa safi alichokipiga pasi. Akaanza kufanya hivyo kila nilipokuwa nyumbani. Hakuongeza neno, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ukimya ule maana yake nimeshinda hoja.

Habari ikasambaa. Nyinyi mnajua ukiumwa kwetu, kila mtu anakuwa na shahada.

Mama yangu akaja na mafuta ya ng'ombe kwenye kichupa na majani aliyokataa kuyataja jina. Jirani akasema yule hakuwa buibui, alikuwa nyoka, buibui ni wa kusingiziwa tu, akanishauri niweke jiwe jeusi linyonye sumu. Shemeji yangu akasema ni mkono wa mtu, kuna mfugaji nilimkatalia kibali cha kusafirisha mifugo na anaonekana hajasahau. Mchungaji akaniombea. Fundi wa pikipiki akasema mjomba wake alikuwa na kidonda kama hicho akapona kwa kumwagia oili chafu.

Nilimuuliza mjomba yuko wapi sasa hivi. Akasema alishafariki, lakini si kwa kidonda.

Wiki ya tatu lile ganda jeusi likabanduka, na chini yake kukawa na shimo. Kidole gumba kingeingia. Wiki ya tano vingeingia viwili.

Kuna mengine yalikuwa yananitokea wakati huo na sikuyaunganisha. Kiu. Nilikuwa nakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni kiangazi, na maji yakinichosha nakunywa soda. Kila baada ya muda nipo chooni. Nikawa nakonda, watu wananisifu, "Daktari unafanya mazoezi siku hizi?" Najibu ndiyo, natembea sana na mifugo. Suruali zangu nilizikaza kwa mkanda, roho ikafurahi.

Aliyeniamsha usingizini ni mama mmoja wa pale Issenye, mama Makuru. Ni mjane, anafuga, na ana ulimi usiopiga kona. Aliniita nikamtibie ng'ombe aliyekuwa na kidonda kwenye kwato. Nimeinama namshika mguu ng'ombe, mama Makuru akanisogelea, akanusa hewa.

"Daktari, harufu hii si ya ng'ombe wangu."

Nikajifanya sijasikia.

"Hebu kunja suruali."

"Mama, tumalize kwanza ng'ombe."

"Ng'ombe hana haraka. Kunja."

Nikakunja. Akafungua kile kitambaa mwenyewe, akachungulia. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anauliza bei ya chanjo:

"Huyu angekuwa ng'ombe wangu, ana kidonda hiki mwezi na zaidi, kinakua, kinanuka, na anakonda. Ungenishauri nini?"

Nikafikiria kama mtaalamu. Nikajikuta nimejibu kweli kabla sijajizuia.

"Ningekwambia umuuze kwa mchinjaji mapema, kabla hajakufia."

"Haya," akasema mama Makuru. "Nimpigie mkeo?"

Wakuu, nilicheka. Yeye hakucheka. Akanifunga kitambaa, akamwita bodaboda, akamwambia, "Mpeleke huyu barabarani apande gari la kwenda kwao Tarime. Akikwambia mpitie popote, usimsikilize."

Na kweli nilimwambia tupitie kituoni nikachukue begi. Jamaa akaongeza mwendo.

Naendelea, samahani, nilikuwa nahudumia mbuzi wa mtu hapa.

Hospitali ya Tarime nikapokelewa na daktari binti, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Akaniuliza nimetumia dawa gani. Nikazitaja. Akaandika, akasita, akaniangalia.

"Hiyo ya mwisho inatumika kwa...?"

"Ng'ombe, mbuzi na kondoo," nikasema.

Hakucheka mbele yangu. Nesi akanitoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kile kimashine cha kupima sukari. Mashine ikafikiri, ikaandika HI.

Nikamwambia nesi, "Mashine yako ina adabu, inanisalimia Kizungu."

Nesi akabadilika uso. Akapima tena. HI. Akamwita daktari. Ndipo nikaelezwa kuwa ile haikuwa salamu. Maana yake sukari yangu ilikuwa juu kiasi kwamba mashine ilishindwa kuisoma. Nina kisukari, tena nimekaa nacho muda bila kujua, na nilikuwa nakibembeleza kwa soda.

Yule daktari binti alinieleza vizuri sana, na ninayaandika hapa kwa sababu ndiyo kiini cha uzi. Alisema kuna buibui ambao sumu yao inaua nyama pale walipouma, na huenda wangu alikuwa mmoja wao, ingawa vidonda vingi ambavyo watu husingizia buibui huwa ni vitu vingine. Kwa mtu mwenye afya, kidonda kama hicho kikisafishwa vizuri, mara nyingi hufunga chenyewe polepole. Kwangu mimi sukari ilikuwa imeziba njia. Damu haifiki vizuri, hewa haifiki, wadudu wanasherehekea.

"Buibui alifungua mlango tu," akasema. "Wageni umewakaribisha wewe."

Nikalazwa. Sukari ikashushwa kwa insulini. Kidonda kikasafishwa, na nikasafirishwa kwenda hospitali ya rufaa, Mwanza, nikakwanguliwa nyama mfu mara mbili. Sehemu hiyo nairuka, baadhi yenu mnakula.

Ila kuna asubuhi moja siwezi kuiruka. Daktari wa upasuaji, mzee wa makamo, alikaa kwenye kitanda changu. Daktari akikaa kitandani kwako, jua utani umeisha.

Akasema mfupa bado haujaguswa, tumshukuru Mungu. Lakini nyama mpya haioti. Akasema tutaendelea kusafisha, kulinda sukari, kusubiri. Kidonda kikiendelea kupanda, tutakaa tena kuongea habari ya kukata chini ya goti.

Nimekata pembe, nimekata mikia, nimehasi mafahali wasio na idadi bila kuwauliza wanajisikiaje. Siku hiyo niliushika mguu wangu kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mbuzi asitoroke. Nikamuuliza hakuna kitu kingine? Akasema kipo cha kuongezea, si cha kuponya peke yake. Unalazwa ndani ya chumba maalumu chenye mgandamizo mkubwa, unavuta oksijeni safi, damu inaibeba kwa wingi mpaka kwenye kidonda. Kwa vidonda sugu vya wenye kisukari huwa inawasaidia baadhi. Baadhi, alisisitiza.

Mke wangu alikuwa amesimama pale. Akatoka nje. Nikadhani ameenda kulia. Kumbe ameenda kumpigia shangazi.

Sasa mjue kuhusu shangazi Bhoke. Ni dada wa marehemu baba, aliolewa upande wa Kenya tangu ujana, anaishi Nairobi, na ni mtu wa kuongea na simu kama anayeongea na mtu aliye ng'ambo ya mto. Hata bila kuweka loudspeaker, wodi nzima ilimsikia.

"Mwita! Ati wanataka kukata mguu? Kwani mguu ni kuni? Hiyo mashine iko hapa Nairobi, mama ya jirani yangu aliingia. Mwambie huyo daktari aandike barua. Nakuja kukungoja Isebania mimi mwenyewe!"

Daktari akaandika barua. Ukoo ukakaa kikao kwenye grupu la WhatsApp. Nani alichanga nini si mambo ya humu, ila nawashukuru wote, hata yule aliyetuma emoji ya maombi tu.

Tukavuka pale Sirari asubuhi, mimi na mke wangu na mkongojo. Shangazi alikuwa upande wa pili, Isebania, tayari, amevaa kitenge cha harusi. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Mura, kijana wangu, umekuwa mwembamba kama fimbo ya kuchungia. Twende."

Mke wangu akaishia pale, maana shule ilikuwa imefunguliwa. Alimfundisha shangazi namna ya kufunga kidonda, mara mbili, kama anafundisha darasa la kwanza. Akaniambia tu, "Usibishane na watu huko." Akaondoka.

Tukafika Nairobi. Madaktari wakanipima masikio, mapafu, sukari, kila kitu, wakasema nafaa kuingia. Nitaingia kila siku ya kazi kwa wiki sita, na kabla ya kuingia lazima sukari ipimwe, maana mle ndani huwa inaweza kushuka ghafla.

Siku ya kwanza shangazi aliamka mapema kuniandaa. Mama yangu alikuwa ametuma mafuta ya upako kutoka Tarime. Shangazi akanipaka kichwani, kifuani, mgongoni, miguuni. Juu yake akanipaka vaselini ili nisionekane nimepauka mbele ya Wakenya. Juu yake akanipulizia pafyumu.

Tukafika, mhudumu wa mashine, kijana wa Kijaluo jina lake Otieno, akasimama hatua tatu mbali na mimi.

"Mzee, umepaka nini?"

Nikamweleza, kwa mpangilio.

Akatuelimisha. Mle ndani ni oksijeni tupu yenye mgandamizo. Mafuta, pafyumu, nailoni, simu, kiberiti, hata kifaa cha kusikia, vyote ni marufuku, kwa sababu cheche ndogo tu ikitokea unawaka kama taa ya chemli. Shangazi akamwambia kwa ukali kwamba yale ya kwanza ni mafuta ya upako, yameombewa.

"Mama, Mungu ameona," Otieno akasema. "Sasa aende akaoge."

Nikaoga. Kwa sabuni. Mara mbili. Nikatoka, akaniuliza boksa yangu ni ya kitambaa gani. Mtumishi wa serikali, baba wa watoto watatu, nikasomewa lebo ya boksa. Ilikuwa nailoni. Nikapewa gauni la pamba lililo wazi nyuma.

Mashine yenyewe ni mtungi mrefu wa plastiki ngumu inayoonyesha ndani, mtu unalala chali, wanakusukuma, mlango unafungwa kichwani. Mmewahi kuona soseji kwenye kile kikabati cha kioo cha muuza chipsi? Basi. Watu wanapita, wanakuangalia, na wewe unawaangalia.

Hewa ikaanza kuingia. Masikio yakaziba kama gari linaloshuka mlima, halafu yakaanza kuuma. Sauti ya Otieno ikaja kwenye spika, "Meza mate! Ziba pua, pulizia ndani! Jifanye unakula ugali!"

Nikala ugali hewa. Masikio yakafunguka, paa.

Halafu hofu ikaja. Sikuitegemea. Nimeingia kwenye mashimo kutoa ndama, nimewahi kujificha nyati akipita, lakini mle ndani moyo ulianza kukimbia. Nikapiga ukuta wa mtungi.

"Otieno, fungua!"

"Siwezi kufungua mara moja, mzee, lazima tushushe pole pole. Vuta pumzi. Unapenda nini? Fikiria kitu unapenda."

Ningesema nilimfikiria mke wangu, lakini nimeahidi ukweli. Kilichonijia ni wimbo. Kwaya yetu kanisani Nyamisangura ina wimbo mmoja wa Kikurya ambao mimi naimba besi. Nikafumba macho nikaanza. Besi nilipoimaliza nikaimba tena, sasa sauti ya tatu, halafu nikawaonea huruma akina mama nikawaimbia na soprano yao. Moyo ukatulia. Hata sijui muda uliishaje.

Nilipotolewa nikakuta sehemu ya kusubiria watu wananitazama. Spika ilikuwa wazi muda wote.

Shangazi amejifunika kitenge usoni. "Mwita, umeniaibisha mpaka kizazi cha nne."

Lakini kuna mzee mmoja pale, mwenye kidonda cha unyayo, naye akisubiri zamu, akaniambia, "Kesho uimbe tena ile besi, sikuishika vizuri." Na ikawa hivyo, wakuu. Wiki sita nilikuwa redio ya kile kituo.

Wiki ya pili daktari alifungua bandeji, akasema "Angalia." Sikutaka. Akasema angalia, wewe si mtu wa mifugo? Nikaangalia. Chini ya lile shimo, pale palipokuwa pamepauka rangi ya jivu, kulikuwa na vipunje vyekundu, vyekundu vya kung'aa kama nyama iliyotundikwa buchani saa moja asubuhi.

Nimeiona ile rangi kwenye mifugo mara nyingi sana. Ni nyama mpya. Maana yake mwili umeanza kazi.

Machozi yalinitoka. Nikamwambia daktari ni ile oksijeni ya jana imeniingia machoni.

Sasa kituko cha mwisho cha huko. Wiki ya nne tupo barabarani na shangazi, nikashindwa kusoma maandishi ya basi lililo mbele. Wiki ya tano hata sura ya mtu ng'ambo ya barabara ni ukungu. Nikajua basi, kisukari kimepanda machoni. Mguu unapona, macho yanaondoka. Sikumwambia mtu. Nikaanza kumpigia simu mama kila siku, nikawapigia watoto, nikampigia hadi shemeji wa ile nadharia ya kurogwa nikamsamehe.

Otieno aliponiona nakaribia ukuta kusoma tangazo, akauliza, "Macho ya mbali yamepungua?"

Nikakubali kwa sauti ya marehemu.

"Si nilikuambia siku ya kwanza? Hiyo oksijeni huwa inabadilisha macho kwa muda. Miezi michache yanarudi."

Alikuwa ameniambia kweli. Siku ya kwanza. Nikiwa nimeziba masikio nakula ugali hewa. Wakanipima macho kuhakikisha, na kweli miezi miwili baadaye yalirudi. Shemeji nimeshamsamehe, siwezi kurudi nyuma.

Baada ya wiki sita shimo lilikuwa limejaa, likabaki jeraha bapa. Wakahamisha kipande cha ngozi kutoka pajani wakakifunika. Ngozi ikashika. Nikarudi Tarime na sindano zangu za insulini, daftari la sukari, na mguu ukiwa umefungwa bandeji.

Niwe mkweli kuhusu hili: sijui kilichoniponya ni kipi. Oksijeni? Insulini? Yale makwangulio ya Mwanza? Ule usafi wa kila siku? Daktari wa Nairobi mwenyewe alisema ni vyote kwa pamoja, na kwamba bila kushusha sukari ningeweza kuhamia kwenye ule mtungi nikaweka na kitanda, nisipone. Atakayewaambia oksijeni ni muujiza, mwogopeni.

Siku bandeji ya mwisho ilipotolewa pale Tarime ilikuwa Jumamosi. Nikarudi nyumbani natembea mwenyewe. Mama Ghati alikuwa uani anafua. Akaniambia nikae kwenye kigoda. Akaleta beseni, maji ya kawaida, sabuni ya kipande, ile ya kufulia. Hakuna chumvi, hakuna kitambaa cha pasi.

Akaniosha mguu. Kama unavyoosha mguu wa mtoto aliyetoka kucheza. Akapitisha kidole kwenye kovu, kuzunguka, akarudia tena.

Halafu akaanza kucheka. Mwanamke huyu hacheki hovyo, jamani. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye matope ya sabuni, na katikati kicheko kikageuka kilio, kilio cha sauti, mpaka majirani wakachungulia.

Nikamuuliza nini.

Akasema, "Kila siku nilipokuwa nakifungua kile kitambaa, nilikuwa nakuzika. Naanzia mguuni."

Miezi yote ile, wakuu. Alikuwa ananifunga kidonda huku ananizika, na hakusema, kwa sababu mara ya kwanza aliposema nilimjibu nyama ni nyama.

Nilikaa chini naye kwenye matope.

Kwa hiyo, la kujifunza kwa upande wangu. Waliosema mganga hajigangi hawakuwa wanatunga mashairi. Kidonda kisichoonyesha dalili ya kupona wiki mbili, nenda hospitali, na ukifika usisubiri waseme, omba upimwe sukari. Kiu isiyoisha, kukojoa kila saa, kukonda bila sababu, hayo si mazoezi. Kung'uta viatu, hiyo hata mtoto anajua. Na mtu wa nyumbani kwako asiyeongea sana akisema neno moja, lisikilize lile lile moja, usisubiri la pili.

Nipo hapa jioni hii, sukari nimeshapima na nimeshakula. Mwenye kidonda sugu, mwenye mgonjwa wa kisukari, au aliyewahi kuingia kwenye ule mtungi, atupie uzoefu wake tujifunze. Wa kunicheka pia mnakaribishwa, ila semeni kwanza, mmepima lini?